Nikea haikuchagua vitabu vya Biblia

Watu wengi bado wanaamini kwamba maaskofu walipiga kura kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea, mji ulio katika Uturuki ya leo, mwaka 325, mbele ya Konstantino, kaisari wa Roma, kuchagua vitabu vya Biblia. Soma kanuni zote 20 za mtaguso huo: hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu. Walichojadili ni mafundisho ya Ario, kasisi aliyesema Mwana aliumbwa na Mungu Baba, tarehe ya Pasaka na dhambi ndani ya kanisa, tena bila kumung'unya maneno. Kasisi anayetoza riba avuliwe daraja (kanuni ya 17). Walioikana imani bila kushurutishwa watubu miaka 12: 3 kati ya wasikilizaji (walioruhusiwa kusikiliza masomo tu), 7 wakisujudu, 2 wakisali na waumini bila kushiriki Ekaristi. Mzigo mzito kweli! Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tulivyonavyo leo imo katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria huko Misri, mwaka 367.