Je, wajua kwa nini mahujaji wa Nanda Devi hupanda Himalaya pekupeku?

Kule Uttarakhand, kaskazini mwa India, kuna hija iitwayo Nanda Devi Raj Jat. Kwa desturi hufanyika kila baada ya miaka 12, ingawa ratiba huteleza: ile ya 2014 ilikuwa ifanyike 2013, mafuriko yakaivuruga. Msafara huanzia kijiji cha Nauti, ukatembea kilomita 280 hivi kwa takriban wiki tatu, na wengi hawavai viatu.

Ukiuliza wanakwenda wapi, jibu ni la kifamilia kabisa: wanamrudisha binti kwa mumewe. Kwa watu wa Garhwal, eneo la milimani huko Uttarakhand, mungu wao Nanda ni mtoto wao wa kike, aliyeolewa na Shiva, mungu mkuu wa Wahindu, huko juu kwenye mlima Kailash. Alikuja kuwasalimia wazazi, sasa anarudi ukweni. Kila kijiji njiani wanawake humwimbia na kumlilia, wakimfungashia bangili, nguo, matango na mahindi ya shambani. Nani atamwacha binti yake afike ukweni mikono mitupu?

Sasa viatu. Wahindu huvivua kabla ya kuingia hekaluni, na ngozi ya mnyama huhesabiwa najisi mahali patakatifu. Ukishapita Wan, kijiji cha mwisho, mlima wenyewe ndio hekalu. Vitu vya ngozi, hata mkanda, desturi inavikataza. Kwa hiyo kukanyaga mawe na theluji kwa nyayo tupu, nionavyo mimi, ni adabu ya mgeni kuliko kujitesa.

Na adabu hiyo ina hadithi yake ya kutisha. Njiani kuna Roopkund, ziwa dogo lililo karibu mita 5,000 juu, limejaa mifupa ya binadamu. Wenyeji husimulia kuwa mfalme wa Kannauj, ufalme wa kale wa India, alikuja hija na wacheza ngoma wake, Nanda akaghadhibika kwa kukosa adabu huko, akawateremshia mvua ya mawe mazito kama chuma. Utafiti wa vinasaba wa 2019 uligundua kwamba hawakufa siku moja: baadhi walikufa karibu mwaka 800, wengine miaka elfu moja baadaye, wakiwemo wenye asili ya mashariki mwa Mediterania. Walifuata nini huko?

Aongozaye msafara ni kondoo dume mwenye pembe nne, amebebeshwa zawadi za Nanda mgongoni. Wakifika Homkund, mwisho wa safari, watu husimama. Kondoo huachiwa, akapanda peke yake kuelekea vileleni.