Peter Handcock: mhunzi wa Bathurst aliyepigwa risasi Pretoria

Peter Joseph Handcock alizaliwa Februari 1868 huko Peel, karibu na Bathurst, New South Wales, Australia. Alikuwa mhunzi, na vita vya Waingereza na Makaburu vilipoanza Afrika Kusini Oktoba 1899, ufundi wake ulikuwa na thamani kubwa. Makaburu walikwenda vitani wakiwa juu ya farasi. Asiye na farasi hakuwapata. Ukwato hauachi kukua, kwa hiyo kila baada ya wiki nne hadi sita kiatu cha chuma hung'olewa, ukwato ukakatwa na kusawazishwa kwa tupa, ndipo kiatu kipigiliwe upya. Msumari ukipita sehemu ngumu na kugusa nyama, farasi huchechemea, na jeraha huweza kutunga usaha.

Handcock alivuka bahari na askari wa farasi wa New South Wales akiwa fundi wa viatu vya farasi. Baadaye, mwanzoni mwa 1901, alijiunga na Bushveldt Carbineers, kikosi kilichoundwa na Waingereza huko Pietersburg, mji unaoitwa leo Polokwane. Akapewa uluteni na kazi ya kutibu farasi. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, maana katika nyanda zile za joto visubi hueneza ugonjwa unaojaza maji mapafu ya farasi. Povu humtoka puani, na mara nyingi hufa ndani ya siku chache. Tiba haikuwepo. Kinga ilikuwa kumfungia ndani kabla jua halijatua.

Lakini hakubaki na farasi tu. Agosti 6, 1901, Kapteni Hunt wa kikosi hicho aliuawa Duivelskloof. Rafiki yake, Luteni Harry Morant, akashika uongozi. Siku chache baadaye mateka aliyejeruhiwa, Visser, alipigwa risasi. Agosti 23 wakauawa mateka wanane waliokwisha kujisalimisha, na Septemba watatu wengine, mmoja wao kijana mdogo. Inafaa kukumbuka kwamba walioshtaki hawakuwa maadui: askari 15 wa kikosi hichohicho walitia saini barua ya malalamiko Oktoba 1901.

Mahakama ya kijeshi ya kuwahukumu Handcock, Morant na wenzao ilianza Januari 1902. Mtetezi wao, Meja James Francis Thomas, wakili wa mji wa Tenterfield, New South Wales, alidai kulikuwa na amri ya kutochukua mateka. Hoja hiyo haikuwaokoa. Handcock alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia kwa kifo cha Visser, na ya mauaji kwa wale wanane na wale watatu. Kwa kifo cha mmisionari Daniel Heese, aliyeuawa siku zilezile, aliachiwa. Hata hivyo George Witton, mwenzao ambaye hukumu yake ya kifo iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha, aliandika katika barua ya 1929 kwamba Handcock alimkiria kosa hilo.

Alfajiri ya Februari 27, 1902, Handcock na Morant walipigwa risasi katika gereza la Pretoria, wakazikwa kaburi moja. Kitchener, mkuu wa majeshi ya Waingereza Afrika Kusini, aliidhinisha hukumu, na serikali ya Australia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, haikuulizwa. Hilo ndilo kosa la wazi katika kesi hii, na halifuti hatia ya waliohukumiwa. Sheria ya Ulinzi ya Australia ya 1903 ilibana adhabu ya kifo kwa makosa machache, kama uasi na kukimbilia kwa adui, tena kwa idhini ya Gavana Mkuu, mwakilishi wa mfalme nchini humo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa Australia zaidi ya 100 walihukumiwa kifo. Hakuna hata mmoja aliyenyongwa au kupigwa risasi na jeshi lake.

Mnara wa vita wa Bathurst, uliozinduliwa na Kitchener mwenyewe Januari 1910, haukuwa na jina la Handcock. Liliongezwa 1964.