Je, wajua kwa nini watu husoma maagizo wakati mambo yameshaharibika?

Ukinunua kitu kipya, iwe simu pale Kondele, Kisumu, jiko la gesi Nakuru mjini ama taa ya sola Bungoma, kile kijitabu cha ndani ya boksi huenda wapi? Kwa droo. Ama kinabaki kwa boksi na boksi linapanda juu ya kabati, na hapo utasikia mtu akisema sisi Wakenya hatupendi kusoma. Hapana bana. Wamarekani pia hawasomi, na hili jambo limechunguzwa huko kwao zaidi ya miaka 40 sasa, na jibu linalorudi kila mara ni kwamba mtu mwenye kitu mkononi hajaja kujifunza, amekuja kufanya kazi. Kijitabu kinamtaka aketi asome kwanza. Yeye ana haraka, na mimi naona haki iko upande wake.

Chukua mfano wa inkubeta. Nakuru hukosi fundi wa jua kali anayetengeneza mashine ya kuangua vifaranga: sanduku la mbao ama friji iliyokufa, balbu za kutoa joto, feni, thamostati ya kudhibiti joto, trei ya maji ya kuleta unyevu. Mteja anaondoka na karatasi moja ya fotokopi. Tuseme imeandikwa hivi: kwanza panga mayai, ncha nyembamba ikiangalia chini. Pili, joto liwe nyuzi 37.5. Tatu, geuza mayai angalau mara tatu kwa siku. Nne, kuanzia siku ya 18 usigeuze tena mpaka yaanguliwe siku ya 21. Halafu chini kabisa, kwa herufi kubwa, NB: washa mashine masaa 24 kabla ya kuweka mayai ili joto litulie.

Sasa tuseme mteja wa Njoro amefika kwake, amesoma ya kwanza akapanga mayai yake yote, amesoma ya pili akaanza kuhangaika na thamostati inayopanda na kushuka, na anafika hiyo NB mayai yakiwa ndani yanapikwa kidogo yanapoa kidogo. Kila neno kwenye karatasi ni kweli na yeye amefuata kila kitu kwa utaratibu, shida ni kwamba jambo la kwanza kufanywa limeandikwa mwisho, kwa sababu fundi alipokuwa anaandika ndipo alilikumbuka mwisho.

Na kuna jambo lingine halimo kabisa. Siku ya 11, saa sita usiku, stima inapotea. Huu ndio wakati mwenye inkubeta anaitafuta ile karatasi kwa nguvu zake zote, na tochi ya simu, na anatafuta kitu kimoja tu: nifungue nisifungue? Jibu ni usifungue, funika mashine na blanketi ukiacha tundu za hewa, maana mayai huvumilia masaa kadhaa kama joto halikimbii haraka. Hiyo ni sentensi moja na ingeokoa trei nzima. Lakini karatasi inaongea juu ya siku nzuri tu, siku ambayo stima iko na thamostati inatii.

Hilo hasa ndilo waliloliona watafiti wa IBM, ile kampuni ya kompyuta. Mwanzo wa miaka ya 80, kwenye kituo chao cha utafiti cha Watson jimbo la New York, John Carroll na wenzake waliwaketisha watu wa kazi za ofisi mbele ya mashine mpya za kuchapa barua kwa kompyuta, wakawapa vijitabu rasmi, wakawaambia wafanye kazi huku wakisema kwa sauti kila wanachofikiria. Vijitabu vilikuwa vimepangwa vizuri tu, sura kwa sura. Watu hawakuzifuata hizo sura. Walirukaruka, walibonyeza kabla ya kusoma, walitaka kuandika barua ya kweli badala ya zoezi la mfano, wakajikuta mahali hawajui watatoka vipi na kijitabu hakina hata mstari wa kusema ukipotea rudi hivi. Wengine walitumia ujuzi wa taipraita, wakabonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi wakidhani wanasogea mbele kwenye mstari, kumbe mashine inaongeza nafasi kwenye maandishi.

Carroll hakusema watu wafundishwe kusoma vizuri. Alibadilisha kijitabu. Walikata utangulizi, wakakata maelezo ya kila sehemu ya mashine, wakaanza na kazi ambayo mtu anaitaka tangu ukurasa wa kwanza, na wakatia nafasi ya kutosha ya kueleza ukikosea utaona nini na utajitoaje. Kikawa kifupi sana kuliko kile cha kawaida, na waliokitumia walijifunza kwa muda mfupi zaidi. Mwaka 1987 yeye na Mary Beth Rosson wakaeleza kitu ambacho ukikiangalia utakiona mpaka kwa simu yako mwenyewe: mtu anataka sana kumaliza kazi hata hatengi muda wa kujifunza njia ya haraka zaidi ya kuifanya, kwa hivyo anashikilia ile njia ndefu aliyoijua siku ya kwanza, miaka na miaka.

Sasa utauliza, kama hii inajulikana tangu wakati huo, mbona vijitabu bado viko vile vile? Sababu ya kwanza ni mwandishi. Aliyetengeneza mashine anaijua kutoka ndani, kwa hivyo anaieleza kama ilivyoundwa, sehemu namba 1 mpaka namba 14. Sababu ya pili ni wakili. Huko Marekani kampuni inaweza kushtakiwa kwa kutomwonya mteja juu ya hatari, ndiyo maana unafungua kijitabu cha birika la umeme unakuta kurasa za mwanzo zote ni usifanye hiki usifanye kile, hadi unajiuliza nani alikuwa anataka kulitia hilo birika kwenye beseni. Aliyeandika zile kurasa alikuwa na korti akilini. Halafu boksi linafika Kisumu na lugha kumi za ulimwengu ndani, na mara nyingi Kiswahili hakimo.

Turudi kwenye mpangilio maana hapo kuna utamu. Peter Dixon, mtafiti wa saikolojia, kwenye miaka ya 80 aliwapa watu maelekezo ya kuchora picha rahisi na kuwapimia muda wa kusoma. Walioambiwa kwanza wanaenda kuchora nini, halafu ndiyo wakaambiwa mistari na duara za kuchora, walisoma haraka kuliko walioanzishiwa na mistari na duara. Kwa maneno mengine lengo litangulie, kitendo kifuate. Usiseme "zungusha kitufe kushoto ili kupunguza joto", sema "kupunguza joto, zungusha kitufe kushoto", kwa sababu mkono huanza kuzunguka kabla jicho halijafika mwisho wa sentensi. Na onyo hivyo hivyo: lije kabla ya kitendo. Ukiandika "fungua kifuniko cha nyuma, lakini zima umeme kwanza" ujue kuna mtu kifuniko kishafunguka.

Kwenye dawa mambo ni mazito zaidi. Ukienda kemisti unapewa kabahasha kadogo kameandikwa 2x3 kwa biro. Mwenye kuandika anamaanisha vidonge viwili mara tatu kwa siku. Ukigeuza ukasoma vitatu mara mbili, jumla bado ni sita, kwa hivyo hata ukihesabu hutajua umekosea, na dawa inaingia mwilini kwa mafungu makubwa na mapengo marefu ambayo daktari hakuyapanga. Lakini hata ikiandikwa kwa maneno kamili bado. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2006, wagonjwa 395, walionyeshwa lebo za dawa ikiwemo ya kunywa vidonge viwili mara mbili kwa siku. Kati ya wale ambao kusoma kunawapa shida, karibu 71 kwa 100 waliieleza lebo sawasawa. Walipoambiwa basi tuonyeshe ni vidonge vingapi utameza kwa siku, waliopata ni karibu 35 kwa 100. Nusu nzima iliyeyuka kati ya mdomo na kiganja! Kumbe kusema kilichoandikwa na kukifanya ni vitu viwili.

Ndiyo nikaipenda ile pakiti ya dawa ya malaria ya AL, ambayo huku upande wa ziwa kila nyumba inaijua. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara sita kwa siku tatu. Kuna pakiti zimepangwa hivyo hivyo, vinne pamoja, na picha ya jua na ya mwezi, hivyo kuhesabu kumeshafanywa na pakiti yenyewe, na kidonge kilichobaki kwenye karatasi kinakuonyesha kwa macho kwamba hujamaliza hata kama homa imeshuka. Panapokwama ni dozi ya pili. Hiyo inatakiwa masaa 8 baada ya ya kwanza, si asubuhi wala jioni. Umeanza saa nane mchana, ya pili ni saa nne usiku, na jua na mwezi hazitakwambia hivyo. Wala hazitakwambia umeze na chakula chenye mafuta kidogo ama maziwa ili dawa inyonywe vizuri. Hapo lazima mtu aseme kwa mdomo, na mwenye busara atachukua biro na kuandika saa yenyewe juu ya pakiti.

Busia wamefika mbali zaidi. Dawa ya klorini ya chupa, kama WaterGuard, ina maagizo mafupi tu: kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20, viwili kama maji ni machafu, tikisa, ngoja nusu saa. Hakuna ugumu hapo, na bado nyumba nyingi zilikuwa hazitumii. Kundi la watafiti akiwemo Michael Kremer, aliyekuja kupata Nobel ya uchumi mwaka 2019, wakajaribu kuhamisha dawa kutoka rafu ya nyumbani hadi pale pale kisimani: tangi dogo juu ya nguzo, unaweka mtungi chini, unazungusha kibomba, kinatoa kipimo cha mtungi mmoja na kukoma, unateka maji yanachanganyika yenyewe, na ile safari ya kurudi nyumbani inakula sehemu ya ile nusu saa. Bure, na majirani wanaona ukifanya. Watu waliotia dawa waliongezeka sana kuliko kwa chupa. Hakuna kifuniko cha kupima wala hesabu, kwa hivyo karibu hakuna cha kusoma.

Si kila kitu kinaweza kufanywa hivyo, karatasi zitabaki, na kama wewe ni wa kuandika moja, kwa agroveti yako ama kwa kikundi chenu cha sabuni, ijaribu kwa watu kabla hujapiga kopi 500. Jakob Nielsen wa Denmark, mtaalamu wa kupima kama vitu ni rahisi kutumia, alikadiria watu watano wanatosha kufichua karibu asilimia 85 ya matatizo ya kitu unachokijaribu. Wasiwe ndugu zako waliokuona ukiandika. Mpe mtu kitu na karatasi halafu nyamaza, ambayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote maana ulimi utawasha. Na usimuulize "umeelewa?", kwa sababu huku kwetu mtu atakujibu ndiyo kwa heshima tu, hasa akiwa mama mzee na wewe ndiye mwenye duka. Mwambie "hebu nionyeshe", uangalie mikono, na pale anaposimama akageuza karatasi nyuma na mbele, tia alama ya biro kwenye mstari huo.