Maabara ambayo mwalimu naye hajui jibu

Kwa miaka kadhaa nilisahihisha ripoti za aspirini. Mwanafunzi anachanganya asidi salisiliki na anhidridi ya asetiki, anadondoshea asidi kali kidogo, anapasha moto, anapoza, anachuja, kisha anapima kiwango cha kuyeyuka. Kitabu kinasema takribani nyuzi 135. Basi karibu kila ripoti ilisema 134, 135 au 136, hata za wale ambao unga wao niliuona kwa macho yangu ukiwa bado umelowa. Unga uliolowa au wenye uchafu huanza kuyeyuka mapema, tena kwa kusuasua. Hauwezi kutoa 135 safi. Sikuwalaumu wanafunzi. Jibu lilikuwa limeandikwa kabla hawajavaa makoti, na alama zilitolewa kwa kulifikia. Sisi walimu ndio tuliowafundisha kuandika kilichotakiwa badala ya kilichotokea.

Ndiyo maana leo kozi yangu ya maabara ya kemia ogani, yaani kemia ya kampaundi za kaboni, imejengwa juu ya maswali ambayo majibu yake hayamo kitabuni. Simaanishi mwanafunzi mmoja hodari anayechaguliwa kwenda kumsaidia mtafiti. Namaanisha darasa zima, akiwemo yule anayetetemeka akishika pipeti.

Njia hii imeshatembewa na wengine. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kilianzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye utafiti. Kule Indianapolis, William Scott na Martin O'Donnell waligawa kazi ya kutengeneza molekuli zinazoweza kufaa kuwa dawa kwa wanafunzi wa maabara za kawaida, katika nchi zaidi ya moja, kwa vifaa rahisi. Kwao nilijifunza jambo moja: mbinu iwe imekaguliwa mpaka ikakubalika, kisha kigeni kiwe ni molekuli. Ukimpa mwanafunzi mbinu mpya na molekuli mpya kwa pamoja, mambo yakiharibika hatajua aanzie wapi.

Mimi nilichagua chalkoni, familia ya molekuli zinazopatikana kwa kuunganisha aldehaidi na ketoni, aina mbili za kampaundi za kaboni. Unachukua aldehaidi ya jamii ya benzaldehaidi na ketoni ya jamii ya asetofenoni, unaziyeyusha katika ethanoli, unaongeza hidroksidi ya sodiamu, unakoroga katika joto la chumba. Mara nyingi fuwele za njano hujitenga zenyewe mbele ya macho yako. Hakuna haja ya kuzuia hewa wala mvuke wa maji, na ufundi wote muhimu umo: kuchuja, kusafisha fuwele, kromatografia (kutenganisha vitu vilivyochanganyika), kusoma spektra, yaani michoro ya vilele inayoonyesha muundo wa molekuli. Ukiwa na aldehaidi nane na ketoni nane una michanganyiko 64. Mingi imeshachapishwa, kwa hiyo kazi ya kwanza ya wanafunzi ni kupekua machapisho na kuifuta mmoja mmoja. Mapengo yanayobaki kwenye jedwali ndiyo maswali yetu.

Wiki za mwanzo hakuna utafiti. Kila jozi inatengeneza chalkoni ya kawaida kabisa, inayoyeyuka kwenye nyuzi 55 hadi 57, na inarudia mpaka izoee. Hapo jibu linalojulikana lina kazi yake: linapima mikono. Baadaye kila jozi inaniletea mpango wenye hatari za kila kitu watakachokishika na namna ya kutupa mabaki. Tunafanya kazi kwa milimoli moja au mbili tu, yaani sehemu ndogo ya gramu, na mipango mingine naikataa. Uhuru wa kuuliza si uhuru wa kumimina chochote ndani ya chupa.

Sasa niwasimulie jozi moja. Walitarajia njano, wakapata unga mweupe. Kwenye bamba la kromatografia doa lilikuwa moja, safi, lakini si pale tulipotarajia. Wakaja na karatasi ya NMR ya protoni, kipimo cha sumaku kinachoonyesha hidrojeni za molekuli zimekaa wapi, wakiwa wamenywea.

"Mwalimu, tumeharibu. Doubleti zetu hazipo."

Walikuwa wamesoma vizuri. Chalkoni ina protoni mbili kwenye kaboni zenye kiungo maradufu, na zinapokaa pande zinazopingana kila moja hugawanyika kuwa doubleti, yaani vilele viwili pacha, yenye mwachano wa takribani hezi 16. Pale hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Badala yake, karibu na 4 ppm (kipimo cha mahali kilele kilipo kwenye mchoro) palikuwa na kilele kidogo kilichogawanyika sana, na chini kidogo yake, kati ya 3 na 3.6, kundi la vilele vyenye ukubwa wa protoni nne. Kama ni asetofenoni iliyobaki, kilele cha methili (kundi lake la CH3) kingeonekana kwenye 2.6. Hakikuwepo.

Niliwaambia ukweli kwamba mimi pia sijui, tukakaa chini. Nikawauliza daftari linasemaje. Aldehaidi: milimoli 1. Ketoni: milimoli 2.1. Waliizidisha, wakaandika na sababu, "ili aldehaidi iishe haraka." Mmoja wao akanyamaza, akachora chalkoni ubaoni, akachora enolati ya ketoni iliyozidi, yaani ketoni iliyonyang'anywa protoni moja, ikiushambulia mwisho wa kile kiungo maradufu. Protoni moja katikati, CH2 mbili kandoni, nne jumla. Spektra yote ikakaa mahali pake. Ilikuwa diketoni, molekuli yenye sehemu mbili za ketoni, zao la mmenyuko ambao Arthur Michael aliueleza tangu 1887, na ambao wanafunzi hawa walikuwa wameufaulu kwenye mtihani wa nadharia bila kuamini kwamba unaweza kutokea ndani ya chupa yao wenyewe.

Kama wangeandika "milimoli 1 kwa 1" kwa sababu karatasi ya maelekezo inasema hivyo, tusingelijua hilo siku ile. Kwa hiyo alama kubwa sasa natoa kwa daftari na kwa hoja. Kiasi cha zao nakipa alama chache sana. Jozi iliyopata asilimia 12 na kueleza kwa ushahidi nyingine imepotelea wapi inaishinda iliyopata 85 na kukaa kimya. Wenzangu wengine huona huku ni kulegeza kamba. Mimi naona kinyume, maana hapa hakuna pa kujificha: spektra haijui ulichotarajia.

Gharama ipo, na kubwa ni muda. Kusahihisha ripoti 20 zinazofanana ni kazi ya jioni moja. Kusahihisha 20 zisizofanana hunila wiki. Foleni ya NMR nayo ni ndefu, hivyo tunahitaji wiki mbili tupu kwenye ratiba kwa ajili ya kurudia tu. Kozi isiyo na nafasi ya kurudia, kwa maoni yangu, isijiite ya utafiti.

Ile jozi ilirudia kwa kipimo sawa, milimoli moja kwa moja, ikadondosha ketoni polepole. Baada ya saa moja mmumunyo ukageuka njano, na doubleti mbili za hezi 15.7 zikatokea. Hata hivyo molekuli hiyo bado haijaingia kwenye orodha yetu. Kichupa kimo kabatini, na lebo yenye tarehe na ukurasa wa daftari. Jozi ya mwaka ujao, isiyowajua hawa wawili, itafuata maandishi yao peke yake, na ikipata fuwele zilezile ndipo tutaiandika.