Zombieland na muendelezo wake: kanuni zinapopoteza hofu

Kazi yangu ni kuhariri filamu, na Zombieland ya 2009, filamu ya watu wanne walionusurika ugonjwa unaogeuza binadamu kuwa zombi wala watu, ndiyo ninayoirudia nikitaka kuona kichekesho kilivyojengwa juu ya hofu. Muendelezo wake, Zombieland: Double Tap, ulitoka 2019. Mwongozaji ni yuleyule, Ruben Fleischer, na wamerudi wote wanne: Jesse Eisenberg, Woody Harrelson, Emma Stone na Abigail Breslin. Inachekesha, lakini haiumi kama ya kwanza, na nadhani najua kwa nini.

Tazama kanuni za Columbus, yule kijana mwoga anayeigizwa na Eisenberg. Uwe na pumzi ya kukimbia. Zombi akianguka, mpige tena. Jihadhari vyooni. Funga mkanda. Kila kanuni huandikwa kwenye skrini, na maandishi yenyewe yamo ndani ya tukio: yanarukiwa na damu, yanagongwa yakaanguka. Tunacheka huku tukiona jinsi aliyeipuuza alivyoliwa. Kisha tunafika Pacific Playland, ile bustani ya michezo, wale dada wawili, wanaoigizwa na Stone na Breslin, wamekwama juu ya mnara wa bembea. Anayemzuia Columbus njiani ni zombi aliyevaa kama chale wa sarakasi, na machale ndiyo anayoyaogopa kuliko kitu chochote. Orodha yake inasema usijitie ushujaa. Anaivunja. Filamu nzima imekuwa ikituzoesha orodha ile ili tusikie uzito wa dakika hiyo moja, na mimi huusikia kila ninapoitazama.

Kwenye Double Tap kanuni zinarudi kwa ufundi mkubwa zaidi, ila Columbus mwenyewe haogopi tena. Wanaishi Ikulu ya Marekani, wameshakuwa familia, na ugomvi wao ni wa nyumbani: mmoja anataka ndoa, mwingine anataka kuhama. Orodha imebaki pambo.

Hata hivyo, lile pambano la hotelini, linaloonekana kama shoti moja ndefu isiyokatwa, ni kazi ya kuheshimiwa sana. Na yupo Madison wa Zoey Deutch, aliyenusurika kwa kujificha ndani ya friza. Kila akiingia, filamu inapata uhai. Sababu ni kwamba yeye ni mgeni. Mwaka 2009, ukiwaacha wale dada wawili, walikuwa wageni kwa wenzao, hata wakaitana kwa majina ya miji wasije wakazoeana. Madison anarudisha wasiwasi ule: huyu tumwamini, tumwache, au tumpige risasi?

Usitoke majina yanapoanza kupita mwishoni. Mwigizaji Bill Murray, anayejiigiza mwenyewe na aliyeuawa kimakosa katika filamu ya kwanza kwa kujifanya zombi, anaonyeshwa siku ugonjwa ulipozuka, yuko kwenye mahojiano na waandishi wa habari. Wanaanza kugeuka mmoja mmoja mbele yake. Hakuna mtu chumbani mle mwenye kanuni hata moja.