Tundu kwenye mafunjo
Wanaodai kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena na kuacha uzao Ufaransa hupenda kutaja Injili ya Filipo, maandishi ya kale yasiyomo katika Biblia, iliyopatikana Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945. Kweli, humo Maria anaitwa mwenzi wake, na inasemekana Yesu alikuwa akimbusu... wapi? Hapo pana tundu. Mafunjo, yaani karatasi ya matete iliyoandikiwa, yameliwa, neno halipo. “Mdomoni” ni nyongeza ya wafasiri. Tena injili hiyohiyo inaeleza busu kuwa njia ya waumini kupokezana neema, wala si mambo ya chumbani. Ukoo wenyewe ni hadithi changa: Mfaransa Pierre Plantard alisajili chama chake, Prieuré de Sion, mwaka 1956, kisha nasaba za kughushi, ambazo baadaye wengine walizihusisha na Yesu, zikapenyezwa Maktaba ya Taifa, Paris, miaka ya 1960.