"Windows inakubali programu zote": dhana zinazowaponza wanunuzi wa kompyuta Mwanza

"Chukua ya Windows, bosi wangu, hiyo inakubali programu zote." Kauli hii utaisikia karibu kila duka la kompyuta za mtumba hapa Mwanza, na ndiyo inayozaa dhana nyingine. Ni kweli Windows ina programu nyingi kuliko Mac, yaani kompyuta za Apple, au Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Ila nani anazitumia zote? Karani wa duka la jumla anafungua tatu, nne zikizidi, na kinachotakiwa ni hizo tatu ziwepo. Halafu hiyo "zote" yenyewe ni chumvi. Final Cut Pro ya video na Logic Pro ya muziki ni za Apple na zinakaa kwenye vifaa vya Apple tu, kwa hiyo mhariri wa video za harusi aliyezoea Final Cut hasaidiwi na Windows ya bei yoyote.

Wengine husema Office ya Microsoft ni ileile kokote. Hapa pana nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula hela. Excel ilianzia kwenye Mac mwaka 1985, Windows ikaja kuipata 1987. Lakini Access ya kutunzia kumbukumbu na Publisher ya kupangia kurasa hazijawahi kutolewa kwa Mac. Wenye stesheneri ndio wanaonasa hapo, maana kadi nyingi za harusi na vipeperushi vya mikutano ya injili vimepangwa kwa Publisher. Mteja anakuletea flashi yenye faili la .pub, unalibofya, Mac inakuuliza ilifungue kwa kutumia nini. LibreOffice Draw, programu ya bure ya kuchorea, inaweza kulifungua, lakini fonti hubadilika na mistari huhama, jina la bibi harusi likaangukia juu ya maua. Na wa Windows wasicheke: Microsoft imetangaza kuisitisha Publisher Oktoba 2026. Kazi za zamani anzeni kuzihifadhi kama PDF sasa.

Dhana ninayoiona ya hatari zaidi ni hii: "Nitanunua Mac, fundi atanipigia Windows humo." Kwenye Mac zenye chipu za Intel ilikuwa inawezekana, kupitia Boot Camp, zana ya Apple ya kuweka Windows ndani ya Mac. Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020, hazina kitu hicho. Imebaki kuiendesha Windows ndani ya programu nyingine kama Parallels, nayo ni Windows ya ARM, yaani ya chipu za jamii hiyo, siyo ile ya kawaida ya Intel. Programu nyingi zitakubali, baadhi zitagoma, na dereva, yaani programu za kuiwezesha kompyuta kutumia printa na vifaa vingine, zinaweza kukutoa jasho. Mhasibu anayeishi kwa TallyPrime, programu ya hesabu, au mchora majengo anayetumia Revit, asijitafutie presha. Zote mbili ni za Windows.

Linux nayo imepakwa jina kwamba ni ya wataalamu na haina programu. Photoshop haina, sikatai. Ila mwanafunzi wa uvuvi pale Nyegezi anayetaka kuchora ramani ya Ghuba ya Mwanza ataipata QGIS bure, iwe Linux, Mac au Windows, wakati ArcGIS Pro, nayo ya ramani, ni ya kulipia na ni ya Windows tu. LibreOffice ya kazi za ofisi, VLC ya kuchezea video, Blender ya michoro ya 3D, hata DaVinci Resolve ya kuhariri video, zote zipo Linux.

"Programu ni bure, fundi anazo kwenye flashi." Hizo zimechakachuliwa. Fundi akishakwambia uzime antivairasi kwanza, umeshajibiwa.

Mwisho, wapo wanaoamini Windows ni Windows, toleo halina shida. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, pamoja na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, isipokuwa chache, orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8. Mashine nyingi za mtumba zilizopangwa kaunta ni kizazi cha 6 na cha 7. Mwambie muuzaji aiwashe, usome kizazi mwenyewe kabla hujataja bei.